Mchumba wa Swideni

Sehemu ya kumi na moja: Augustin wa Lubumbashi

Gharib alikosa mambo mengi kwa mpigo mmoja. Alikosa mlango wa pili wa kutokea, maana lifti, kama kaburi, ina mlango mmoja tu. Alikosa kofia ya kuficha uso. Alikosa ndevu, kwani alizinyoa Jumapili kwa ajili ya joto. Alikosa mate kinywani. Alikosa mtu wa kumsukumia lawama. Na zaidi ya yote alikosa uongo mpya, yeye ambaye mwaka mzima hakupata kulala bila kuweka akiba ya uongo wa kesho.

Wiki iliyopita tulimwacha ndani ya lifti ya jengo moja la biashara, barabara ya Huanshi Zhonglu, simu mdomoni, akimrekodia mchumba wake Nahla ujumbe wa sauti: "Hapa Swideni leo kumechangamka, jua limetoka. Msalimie sana shangazi Muzdalifa..."

Mlango ukafunguka. Na nani amesimama mbele yake, kavaa buibui, mkoba begani, si Unguja bali hapa hapa Guangzhou, China? Bi Muzdalifa mwenyewe, shangazi mtu!

Kidole cha Gharib kikateleza. Ujumbe ukaenda zake.

Msomaji uliyetukuta njiani, shika jambo moja tu. Gharib hakuanza kwa uongo. Swideni alifika kweli, akaishi, akafanya kazi majira ya machipuko na kiangazi, akipanda miche ya misonobari na kuchuma stroberi. Kosa lake ni kwamba alisahau kusema kiangazi kimekwisha. Mkataba ulipomalizika aliona haya kurudi nyumbani mikono mitupu, akaja Guangzhou kuwafungia wafanyabiashara mizigo yao. Kule nyumbani jina lake limebaki Swideni, linang'aa.

Na kusema kweli asingethubutu. Mzee Burhani, baba yake Nahla, aliapa barazani mbele ya watu kwamba hatamwoza tena binti yake kwa mtu wa China. Mkwewe wa kwanza, Abubakary, mume wa dada yake Nahla, alikwenda Guangzhou kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa sita. Kila akipigiwa simu hujibu: "Mzigo uko bandarini Nansha, baba, unangoja meli."

Sasa turudi kwenye lifti.

"Unashuka au unapanda?" Bi Muzdalifa aliuliza.

Swali jepesi. Gharib akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja.

"Weye kijana, nakuuliza. Mswahili weye?"

Hapo ndipo shetani alipomletea Gharib sura ya rafiki yake Augustin, Mkongo anayenunua vitenge mtaa wa pili.

"Non, maman," alisema, akibana pua. "Miye niko mutu ya Lubumbashi. Jina yangu Augustin."

Bi Muzdalifa alimtazama kuanzia viatu hadi utosini, kama mtu anayekagua nazi sokoni.

"Mkongo?"

"Kabisa, maman."

"Mkristo?"

"Tangu ubatizo."

"Alhamdulillahi! Vijana wa kwetu waliopo hapa ni waongo, baba, sijaona. Mkongo ndiye niliyekuwa namtafuta. Kichina wakijua?"

"Kidogo-kidogo."

"Basi nibebee mkoba huu. Unanipeleka Liuhua nikanunue viatu."

Ungekuwa wewe, msomaji, ungefanya nini? Gharib aliubeba mkoba.

Ndani ya teksi Bi Muzdalifa alifungua mdomo na hakuufunga tena.

"Nina binti yangu, Nahla, mtoto wa kaka yangu. Mchumba wake yuko Swideni. Anaitwa Gharib. Kijana huyo, Augustin, hujapata kuona! Mpole, mkweli, anajituma. Si kama hawa wa Guangzhou."

"Ah, bon," alisema Gharib.

"Hata sauti yake ina heshima. Yako weye ina mikwaruzo."

"Pardon, maman."

"Ila namhurumia kwa baridi. Swideni barafu mwaka mzima."

Hapa Gharib alipaswa kunyamaza. Lakini mtu aliyewahi kufika mahali hana uvumilivu na anayepasimulia vibaya.

"Hapana, maman. Machipuko theluji inayeyuka, maua meupe yanatoka chini ya miti kama mtu kamwaga mchele. Kiangazi ndiyo usiseme. Usiku hauingii. Unalala na mapazia meusi, na ndege wanaimba wakati wewe unataka usingizi. Watu wazima wanakaa nje wanalitazama jua kama mgeni atakayeondoka kesho."

Shangazi mtu aligeuka kumtazama vizuri.

"Mkongo weye," Bi Muzdalifa alisema taratibu, "umeyajuaje?"

"Nilisoma, maman. Shuleni. Kwa masista."

"Masista wenu wanafundisha vizuri."

Gharib aligeukia dirishani akajifuta jasho. Na jambo la ajabu lilianza kumwingia moyoni. Alianza kumwonea wivu huyo Gharib wa Swideni. Mwanamume gani huyo, mpole, mkweli, mwenye sauti ya heshima, anayesifiwa ndani ya teksi, na yeye hapa kabeba mkoba?

Kule Liuhua, kati ya maboksi ya viatu yaliyopangwa hadi darini, mambo yalizidi kuharibika. Mwenye duka alikuwa ametaja bei, Bi Muzdalifa amecheka kwa dharau, mwenye duka amesema "meiyou, meiyou," yaani hakuna punguzo, ndipo sauti nene ikapaa kutoka ng'ambo ya kichochoro:

"Eh, Gharib! Ndugu yangu! Unafanya nini na maboksi ya wanawake?"

Alikuwa Augustin. Augustin wa kweli, tumbo mbele, meno yote nje.

Gharib alimkonyeza. Akamkonyeza tena. Alikonyeza hadi jicho likauma.

"Kakuita nani huyu?" aliuliza Bi Muzdalifa.

Augustin ni mtu wa biashara, na mtu wa biashara hunusa hatari kabla ya bei. "Non, maman, niko namutafuta Gharib," alisema. "Hamukumuona hapa? Mutu mufupi, mubaya sana ya sura."

"Hatukumwona. Na weye jina lako nani?"

"Augustin, maman. Wa Lubumbashi."

Bi Muzdalifa aligeuza shingo polepole kama mlango wenye kutu.

"Na weye pia Augustin wa Lubumbashi."

"Kule kwetu, maman," alisema Gharib, "Augustin ni kama Juma kwenu. Ukirusha jiwe linampata."

"Na linaruka linampata wa pili," aliongeza Augustin, akatoweka nyuma ya rafu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Bi Muzdalifa aliitazama ile rafu. Alirudi kwa mwenye duka, akaendelea kubisha. "Laoban," alimwita, kwani neno la kumwita bosi hujifunzwa na kila anayeshuka uwanja wa ndege wa Guangzhou, "laoban, mwogope Mungu." Na mwenye duka, asiyejua hata herufi moja ya Kiswahili, alimwelewa vizuri sana, akapunguza.

Gharib akaanza kupumua. Bado kitambo kidogo, alijiambia. Nimfikishe hotelini, kesho nijifungie ndani mpaka aondoke.

Ndipo mfuko wake wa suruali ulipoadhini.

Allahu Akbar, Allahu Akbar! Simu ilikuwa imewekwa isikose wakati wa sala hata mmoja, na Magharibi ya Guangzhou ilikuwa imeingia. Sauti ya mwadhini ikajaa duka zima, tamu, ndefu, kutoka mfukoni mwa mtu aliyebatizwa.

"Simu ya mteja," Gharib alinong'ona. "Kaniachia niitengeneze..."

"Nyamaza! Adhana haizungumziwi."

Walisimama kimya. Mwenye duka naye alisimama kimya, asijue ni kwa nini. Adhana ikafika mwisho.

Na hapo, msomaji, uongo wa mwaka mzima uliuawa na mazoea ya utotoni. Midomo ya Gharib ikaanza yenyewe kusoma dua ya baada ya adhana. Mikono ikapanda. Ikafungua viganja. Ikashuka usoni taratibu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa na miaka sita.

Alipoondoa viganja usoni, Bi Muzdalifa alikuwa anamtazama.

"Amin, Augustin," alisema.

Gharib alikaa juu ya boksi la viatu. Boksi likabonyea.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umenisalimu. Unadhani nimekujua leo? Nimekusikia ndani ya lifti ukinitumia salamu zangu mwenyewe! Na kabla ya lifti nilikujua zamani. Siku ile unazungumza na Nahla, simu yako ikaadhini, ukamwambia, 'Ngoja nikaswali Magharibi.' Mie nilikuwa jikoni, ndiyo kwanza naepua wali wa mchana. Nikajiuliza, Swideni wako nyuma yetu kwa saa, huyu Magharibi kaitoa wapi? Hii Magharibi imetoka kunakotoka jua! Nikakata tiketi ya Guangzhou, nikaulizia mpaka nikaelekezwa jengo lako."

"Shangazi, nisamehe."

"Kwanza tukaswali. Kesi baadaye."

Kesi ilisikilizwa katika mgahawa mmoja wa Waswahili, ghorofani, mtaa wa Xiaobei. Ulikuwa ule msimu ambao kuta za Guangzhou hutoa jasho kwa unyevu, na Gharib alishindana nazo. Bi Muzdalifa alimaliza nusu sahani ya wali na samaki kabla ya kusema neno.

"Shangazi," Gharib alianza, "naandika barua leo leo. Namwambia Mzee Burhani kila kitu."

"Ukithubutu nitakuvunja miguu!"

Kijiko kilimtoka Gharib mkononi. Alitegemea matusi. Alitegemea machozi. Hili hakulitegemea.

"Nisikilize vizuri," alisema Bi Muzdalifa, akisogeza kiti. "Nahla kapata kazi Swideni."

"Swideni ipi?"

"Ziko ngapi? Hoteli anayofanyia kule Paje hupokea wageni wa huko. Mama mmoja ana nyumba ya wageni kando ya ziwa, kampenda Nahla, kamwandikia mkataba. Machipuko na kiangazi, kama weye ulivyofanya. Kibali kimetoka. Anaondoka mwezi ujao."

"Na Mzee kakubali?"

"Kakubali kwa sharti. Binti yake haendi Ulaya peke yake kama begi lililopotea. Aende kwa mume aliyeko huko huko. Sasa niambie, mume aliyeko huko huko ni nani?"

Gharib alitazama samaki. Samaki alimtazama.

"Na si hilo tu. Dullah, yule wa duka la simu pale Darajani, kaleta posa. Mzee anamjibu Ijumaa. Dullah kasema wazi, akimwoa Nahla, ule mkataba anauchana kwa mkono wake. Basi posa yako rasmi isipofika kabla ya Ijumaa, mtoto wangu anakaa kaunta akiuza vocha. Ikifika na neno China ndani yake, ni hivyo hivyo. Umeelewa kwa nini nimekuja? Sikuja kukushika, mwanangu. Nimekuja kukupa kalamu. Uongo uliouanza kwa ujinga wako, sasa tunauhitaji."

"Na Nahla? Yeye anajua niko wapi?"

"Nahla anaamini. Kakununulia na kofia ya sufu."

"Akifika asinikute?"

"Akishafika mtajuana. Muhimu afike."

Bi Muzdalifa alimtuma mhudumu dukani chini akalete karatasi na bahasha nyeupe. Mhudumu alirudi na karatasi, na bahasha nyekundu yenye maandishi ya dhahabu ya Kichina. Nyeupe hakuna, alisema. Na nyeupe huku China ni ya kupeleka rambirambi.

"Shangazi, hii ina Kichina."

"Kaka yangu Kiarabu anakijua, na herufi za Kizungu anazijua. Kingine chochote ukimwambia ni Kiswidi atakubali. Na Shifa, mfanyabiashara wa kwetu anayerudi Unguja usiku huu, atasema kapewa bahasha uwanja wa ndege wa Addis na abiria aliyetoka Swideni. Haya, andika."

Kisha alifanya jambo ambalo Gharib hakulitarajia. Alinyanyuka, akakigeuza kiti chake, akakaa akiwa amempa mgongo.

"Mie upande wa mwanamke," alisema. "Kwetu barua ya posa haipigwi jicho na upande wa mwanamke kabla ya baba mtu. Ni mkosi. Dada yetu mkubwa alichungulia yake, akaachwa kabla hina haijafutika. Nitakutajia kwa mdomo, weye andika. Anza kwa salamu."

Gharib akaandika salamu, kwa heshima na taadhima.

"Andika: Mimi Gharib, mkazi wa Swideni."

Kalamu ilisimama hewani. Gharib aliutazama ule mgongo mpana wa buibui. Mbele yake kulikuwa na karatasi, na hakuna jicho jingine duniani lililoiona. Na yule Gharib mkweli aliyesifiwa kwenye teksi, mwenye sauti ya heshima, alikuwa tena amesimama kati yake na Nahla. Yeye ndiye angemwoa Nahla. Yeye ndiye angevaa ile kofia ya sufu.

Akaandika: *Mimi Gharib, mkazi wa Guangzhou, China.*

"Umeandika?"

"Nimeandika, shangazi."

"Andika: Nyumba yangu iko kando ya ziwa, ina nafasi ya kutosha."

Akaandika: *Ninaishi chumba kimoja, na majira haya kuta zake zinatoa jasho.*

"Mwandiko uwe mzuri. Kaka yangu anapenda mwandiko."

"Ni mzuri kuliko wote niliowahi kuandika."

"Andika: Nitampokea binti yako nikiwa nimesimama uwanja wa ndege."

Uwanja ule aliujua. Aliwahi kusimama pale mwenyewe, begi moja, koti la kuazima, akitafuta kwenye umati sura ya mtu aliyeambiwa atampokea, na mtu huyo asitokee. Watu walipita, wakakumbatiana, wakaondoka. Yeye alibaki akisoma vibao ambavyo hakuvielewa. Sasa alimwona Nahla pale pale, kavaa buibui, kofia ya sufu mkononi.

Aliinama akaandika kwa haraka, bila kusubiri kutajiwa:

*Hatanikuta uwanja wa ndege, kwa hiyo naomba ajue mapema. Swideni nilikaa machipuko na kiangazi, nikaondoka. Niliogopa kusema, na kosa ni langu peke yangu. Mzee wangu, mwache Nahla aende kwa kazi yake na kwa jina lake. Nimeishi kule, nimeona wanawake wakifanya kazi na kurudi makwao salama, hakuna anayewagusa. Kazi ikimalizika mimi nitakuja Unguja kumpokea. Ukinikataa, nikatae mimi. Usimkatae yeye.*

"Mbona waandika sana?" mgongo uliuliza.

"Naongeza heshima."

"Heshima haizidi. Haya, ikunje."

Aliikunja, akaitia ndani ya bahasha. Bahasha haikuwa na gundi. Bi Muzdalifa alijigeuza, akachukua punje tatu nne za wali kutoka sahanini, akazisaga kwa kidole gumba kwenye mdomo wa bahasha, akaubana na kuupapasa mpaka ukashika.

"Hivi ndivyo marehemu bibi yake Nahla alivyokuwa akifunga barua," alisema. "Wali haufunguki bila kuchana. Umeandika kama nilivyokwambia?"

"Nimeandika yote, shangazi. Sikubakisha."

Shangazi akambusu paji la uso.

Shifa alikuwa chini tayari, mabegi yake yamejaa hadi kiti cha mbele cha teksi, dereva anapiga honi. Bi Muzdalifa aliingiza mkono ndani, akamkabidhi ile bahasha nyekundu, naye Shifa akaitia kwenye mkoba wa kifuani, ndani kabisa, pamoja na pasipoti.

"Mwambie kaka asiifungue mpaka Ijumaa," Bi Muzdalifa alimsisitiza. "Baada ya sala. Mbele ya watu wote, na Dullah na wazee wake wawepo. Aisome kwa sauti, wajue posa ya mtu wa Ulaya inavyokuwa. Na weye nipigie simu uishike karibu, nataka kuisikia neno kwa neno."

Gharib alishika ukingo wa mlango wa teksi, ambao ulikuwa bado wazi. Kwa sauti. Mbele ya Dullah. Na shangazi akisikiliza.

"Mbona waushika mlango, mwanangu?" Bi Muzdalifa aliuliza. "Kuna neno umesahau? Sema sasa, irudi."

Shifa naye alimtazama, mkono juu ya mkoba, akingoja.

"Hakuna nililosahau," alisema Gharib.

Akaufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, akagonga paa mara mbili, na teksi ikaingia barabarani na barua yake.